Mama kaniomba nimshonee binti yake wa kilokole ushungi ili shule imwache. Nifanyeje wakuu?

FundiMarinda (Mwanjelwa, Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Mods naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la dini, hapa naongelea sare tu.

Mimi fundi cherehani hapa Mwanjelwa, mwaka wa kumi na tatu nashona sare za shule. Kuanzia Krismasi mpaka katikati ya mwezi wa pili silali, mashine inalia usiku kucha mpaka majirani wamenizoea. Sketi za marinda ya boksi, mashati, kaptula, na ushungi mweupe wa watoto wa Kiislamu, huo nashona mwingi tu ingawa mwenyewe ni Mmoraviani, sijawahi kuona tabu.

Sasa kuna mama anauza maparachichi hapa sokoni, mteja wangu wa siku nyingi. Binti yake kachaguliwa fom wani shule ya kata. Nikamshonea sketi mbili, mashati mawili na vitambaa viwili vyeupe vya kufunga kichwani. Wao wanasali kanisa moja ambalo mwanamke hatoki kichwa wazi. Huyu mama sijawahi kumuona bila kitambaa, hata siku tunamzika mumewe mvua ilinyesha kile kitambaa kikalowa chepechepe kikamgandia usoni, hakukitoa.

Wiki ya pili binti karudishwa. Mwalimu wa nidhamu anasema fomu ya kujiunga imeandika "wanafunzi wa Kiislamu wanaruhusiwa kuvaa hijabu nyeupe", basi, hakuna palipoandikwa Mkristo avae kitambaa. Akamuuliza, wewe jina lako Neema (sio jina lake halisi), unafunika kichwa cha nini? Vua au kaa nje. Akavua. Mama anasema mtoto alirudi hakula. Kesho yake akaenda na mzula wa kaka yake akijifanya anasikia baridi, na kwa mzula HAKUULIZWA KITU maana huku kwetu mzula ni kawaida.

Jana mama kaja na vile vitambaa viwili. Akaniambia, "Fundi, vikate uviunganishe, nishonee ushungi kama wa Waislamu. Wakimuuliza atanyamaza."

Mpaka naandika hapa vitambaa viko juu ya mashine na mkasi uko pembeni, sijagusa. Nifanyeje?

---

Chipsi Kavu

Sare ni sare. Asiyetaka apeleke mtoto private. Uzi ufungwe.

---

Mama Tofali (Uyole)

Chipsi Kavu private kwa hela ya maparachichi? Una watoto kweli wewe? Shule ya kata ndo shule ya huyo mama, hana nyingine.

---

Binti Mlandege (Iringa)

Nimesoma nikakwama pale "atanyamaza". Fundi usikate hicho kitambaa, nakuomba.

Mimi ni Muislamu, nimevaa ushungi sekondari miaka minne. Dada zangu walionitangulia walikuwa wanautoa getini wanaukunja wanaweka kwenye begi, jioni wanauvaa tena, baba alikuwa anajua na anaumia ila atafanya nini. Mpaka zamu yangu inafika shuleni kwetu ilishakuwa kawaida, nikavaa bila kuulizwa. Kwahiyo najua kuvua kitu getini kunakuwaje. Unajiona umevuliwa na kingine ambacho hakina jina.

Ila na sisi tulikuwa na letu. Mwalimu mmoja aliandika orodha ya majina yote ya Kiislamu akasema hawa wote lazima wavae. Kulikuwa na rafiki yangu tumuite Mwajuma, kwao hawakuwa watu wa ushungi kihivyo, mama yake anafunga kilemba siku ya msiba tu. Akagoma. Akaambiwa alete mzazi. Baba yake alikuja na baiskeli akasimama pale ofisini akasema mwalimu shikamoo, mwanangu atavaa siku akitaka mwenyewe, akaondoka. Yaani Mwajuma alilazimishwa kuvaa na huyu Neema kalazimishwa kuvua na wote kosa lao ni JINA. Shule inasoma daftari la mahudhurio halafu inajua wewe ni nani mbele ya Mungu.

---

Mwalimu wa Zamu (Mufindi)

Naomba na sisi walimu tusikilizwe kidogo kabla hamjatuchoma.

Mnajua ukaguzi wa asubuhi? Watoto mia nane wamepanga mistari, ukungu bado haujatoka kwenye chai, mikono imekufa ganzi, una dakika kumi na tano za kukagua kucha, nywele, soksi, nembo, na kipindi cha kwanza ni chako. Huna muda wa kumhoji mtoto mmoja mmoja anaamini nini. Sheria inabidi iwe fupi. Ukilegeza moja kesho wanakuja kumi, huyu kitambaa, yule cheni, yule hataki kunyoa, na sare ilikuwepo ili mtoto wa muuza mbao na mtoto wa kibarua wa shamba wasijulikane wakisimama pamoja. Halafu kuna mitihani. Kuna watoto wameshakutwa wamepigia chabo humohumo kwenye ushungi, ukimkagua mwalimu wa kiume ni kesi, usipomkagua nayo ni kesi, inabidi utafute mwalimu wa kike na kituo kizima hayupo.

Kwahiyo mwalimu wa nidhamu namuelewa. Amesoma fomu kama ilivyoandikwa.

---

FundiMarinda

Mwalimu nashukuru, ila mbona mzula ulipita? Mzula unaficha karatasi kuliko kitambaa.

---

Mwalimu wa Zamu

Hapo umenishika. Mzula ni baridi, hamna anayebishana na baridi ya huku. Mwezi wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani.

---

Kipepeo Makete

Hahaha kwahiyo baridi ina heshima kuliko Paulo mtume. Wakorintho wa kwanza sura ya 11 imeandika wazi mwanamke anayesali afunike kichwa, mwalimu anasema siioni kwenye fomu.

---

Kanuni na Taratibu

Nimekaa kimya nasoma. Mimi sheria nimeisomea japo sasa hivi nauza vifaa vya ujenzi, maisha haya.

Tuanze nyumbani. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 3 inasema nchi haifungamani na dini. Ibara ya 19 inampa KILA MTU uhuru wa imani, na ibara ya 13 inakataza kubagua mtu na dini imetajwa humo. Angalieni neno kila mtu. Haijasema kila dhehebu lililosajiliwa, haijasema kila mwenye barua. Kwahiyo fomu ikisema "wanafunzi wa Kiislamu wanaruhusiwa" imefanya jambo jema ila imeandikwa vibaya, imewapa ruhusa watu badala ya kuruhusu kitendo. Ingeandika tu mwanafunzi anayefunika kichwa kwa sababu ya imani afunike kwa kitambaa cheupe kisicho na urembo, Neema asingerudi nyumbani.

Kuna kesi ya Afrika Kusini ya mwaka 2007, inafundishwa sana vyuoni. Binti wa familia ya Kihindu asili yao kusini mwa India, anasoma shule ya serikali Durban, alitobolewa pua akawekewa kipini cha dhahabu. Shule ikasema sheria yetu hairuhusu vipini, na zaidi dini yako haikulazimishi, ni mapambo ya mila tu. Ikafika mpaka Mahakama ya Katiba. Jaji mkuu Pius Langa akasema hata kama dini haimlazimishi, kama yeye kwa dhati ni sehemu ya imani na mila yake inatosha, shule ilipaswa kumpa nafuu. Na ile hoja ya mwalimu kwamba ukiruhusu mmoja watakuja kumi mahakama iliisikia pia, ikaona wakija hao wengine sio balaa, ndo nchi yenyewe ilivyo.

Hapo jirani Kenya wamezunguka na hili mpaka kichwa kinauma. Shule moja ya Isiolo yenye ufadhili wa kanisa la Methodisti ilikataza hijabu. Mahakama ya rufaa mwaka 2016 ikawapa haki wasichana, Januari 2019 mahakama ya juu ikaifuta ile hukumu. Watu wengi wanasema mahakama ya juu ilikataza hijabu, HAPANA, ilisema ombi liliingizwa kwa mlango usio sahihi, mzazi alikuwa mdau tu kwenye kesi ya mtu mwingine halafu akaleta madai yake mle ndani. Swali lenyewe likabaki linaning'inia.

Ufaransa wao wamechagua njia nyingine kabisa, sheria ya 2004, hakuna hijabu, hakuna msalaba mkubwa, hakuna kofia ya Kiyahudi, wote nje. Ukiisoma unaona ni haki sawa kwa sawa. Ila jiulizeni nani kwenye darasa anavuliwa kitu asubuhi na nani anapita kama alivyotoka kwao. Mkristo wa kawaida wa kule hana cha kuvua.

---

Chipsi Kavu

Nimeisoma nusu nikachoka. Sare ni sare.

---

kyelaboy_07 (Kyela)

Nyie mnaongelea Durban na Paris, mimi navuka Kasumulu hapo naingia Malawi kununua mzigo. Kule marasta wamehangaika miaka, watoto wao walikuwa hawaandikishwi shule za serikali mpaka wanyoe. Mwezi wa tano 2023 mahakama kuu Zomba ikasema ile ni kinyume cha katiba yao, waandikishwe na rasta zao. Nina mshkaji wangu kule alikuwa anamfundisha mtoto nyumbani na ubao wa mkaa.

Huku kwetu mtoto wa rasta akienda shule ya msingi kitu cha kwanza ni wembe. Na hakuna anayeshangaa maana wote wananyolewa. Ila kunyolewa kwa mwenzake ni nywele tu, kwake ni nadhiri.

---

Mzee wa Sae (Mbeya)

Vijana hamjambo. Nimesoma yote.

Mnasema sare hazina dini. Mimi nilisoma miaka ya sabini kwenye shule iliyokuwa ya misheni, serikali ikaichukua kama zilivyochukuliwa nyingi baada ya sheria ya elimu ya 1969. Msalaba uliondolewa ukutani bwaloni, ila pale ulipokuwa rangi ilikuwa nyeupe zaidi, ukaonekana msalaba uleule miaka yote niliyosoma, mpaka walipopaka chokaa upya. Kengele ileile ya masista, sketi zilezile walizochagua masista zenye urefu uleule, Jumapili tumepumzika. Wasabato Jumamosi walikuwa wanaitwa kwenye usafi wa jumla, asiyekuja anachapwa Jumatatu. Hakuna aliyeona kwamba ni dini. Ukishazoea kitu unakiita utaratibu.

Fundi usikate.

---

Mwalimu wa Zamu

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisema, na kwa kuwa humu hamnijui ngoja niliseme.

Mwaka wangu wa pili kazini, shule ya msingi. Ukaguzi wa asubuhi, mtoto wa darasa la tatu ana uzi mweusi umefungwa kwenye kifundo cha mkono, una fundo dogo la kitambaa. Hirizi. Nikatoa wembe wa kuchongea penseli nikaukata, nikautupa nyuma ya darasa, nikasema hapa ni shule. Watoto wakacheka. Nami nikajiona nimeelimisha jamii.

Kesho yake saa nne bibi yake kaja. Katembea kutoka kijijini, miguu ina vumbi mpaka magotini, kajifunga kaniki. Nikajiandaa kugombana. Hakugomba. Akaniamkia "kamwene mwalimu", akakaa chini, akauliza tu umeutupa wapi. Nikamwambia nyuma ya darasa. Akasema twende. Basi tukaenda, mimi na yule bibi, tukainama kwenye majani yenye umande tunatafuta kipande cha uzi, darasa zima limejaa dirishani. Tulitafuta kama nusu saa. Aliupata yeye. Akaufunga kwenye pindo la kaniki akaniambia mdogo wake alikufa, huyu ndo amebaki. Akaondoka.

Na kinachoniuma sio uzi. Kwenye mstari uleule, mtoto wa tatu kutoka kwake alikuwa amevaa rozari shingoni imetokeza kwenye kola, nikaiona, nikapita. Mimi Mkatoliki. Wala sikufikiri kwamba nimechagua. Macho yalipita yenyewe.

Nikiandika mambo ya dakika kumi na tano za ukaguzi sidanganyi, ni kweli muda hautoshi. Ila siku ile muda ulinitosha kukata uzi.

---

Binti Mlandege

Mwalimu 😭

---

Mama Tofali

Nimesoma mara mbili. Ahsante kwa ukweli wako mwalimu.

---

Mlevi wa Maandiko

Sasa hapo mnachanganya, hirizi ni ushirikina, haiwezi kuwekwa meza moja na rozari wala hijabu. Tusifike huko.

---

Kanuni na Taratibu

Mkuu ndo penyewe hapo. Mwalimu akipewa kazi ya kuamua ipi dini ipi ushirikina atatumia dini yake kuamua. Aulize mambo ya kishule tu. Kina hatari? Kinazuia mtoto kusoma? Kinamsumbua mwenzake? Uzi wa mkononi hauzuii hesabu. Ushungi mrefu usiobanwa karibu na moto wa maabara ni hatari kweli, hapo abane au achomekee ndani ya sweta, asiambiwe avue.

---

FundiMarinda

Hilo la maabara lipo na mafundi tunalijua. Wengi wanashona ushungi kwa tetroni nyepesi maana ni bei rahisi, inateleza, mtoto anabana na pini tatu nne, akikimbia mchakamchaka inamchoma shingoni. Mimi naweka lastiki nyembamba chini ya kidevu, upana wa uso napima kwa uzi kuanzia paji mpaka kidevuni, halafu mbele nakata fupi iishie juu ya mfuko wa shati.

Kwanini juu ya mfuko? Kuna mwaka mwalimu mmoja alikataa ushungi wote niliopeleka, wateja tisa, kisa unafunika nembo ya shule. Wazazi wakaja juu wakidhani anapinga dini yao, karibu lizuke jambo kubwa. Mimi nikaomba nembo tisa, nikazishona kwenye ushungi upande wa kushoto palepale ingekaa kwenye shati. Mwalimu akaangalia akasema sawa. Ikaishia hapo! Wiki nzima watu wamenuniana kumbe dawa ilikuwa sindano na nembo ya shilingi mia tano.

Sio yote yanaisha hivyo, najua. La Neema halina nembo.

---

Chipsi Kavu

Mi niseme ukweli, nimelelewa na bibi aliyekuwa ananifunga uzi kama huo. Nilikuwa naukata mwenyewe nikifika njiani nachelea kuchekwa, nikirudi namwambia umekatika. Ananifunga mwingine. Sijui alijua.

Sare ni sare lakini.

---

Kipepeo Makete

Chipsi leo umelainika kavu imeisha 😂

---

Binti Mlandege

Fundi mrejesho basi, siku ya nne hii.

---

FundiMarinda

MREJESHO

Wakuu samahani kwa kuchelewa, umeme huku ulikuwa unakatika.

Sikukata. Nilimwambia mama, ushungi nitakushonea hata leo lakini ukishavaliwa mtoto atauvaa miaka minne, na siku ataombwa asome sura ya kwanza ya Kurani mbele ya wenzake atasemaje? Akakaa kimya muda mrefu anachezea ile risiti ya kitambaa. Akasema basi twende wote, wewe unaongea vizuri. (Siongei vizuri, ila mama kasema.)

Mkuu wa shule ni mwanamama. Tukamuamkia, mama akatoa vile vitambaa kwenye mfuko wa rambo akaviweka mezani. Mkuu akavishika, akavikunjua, akauliza rangi ni hii hii siku zote? Mama akasema hii hii. Akauliza kinafika wapi? Mama akavua mtandio wake wa juu akabaki na kilemba cha ndani, akamuonyesha kwa kukifunga mwenyewe palepale, nyuma ya shingo, fundo moja.

Mkuu akasema sawa ila nileteeni barua ya mchungaji iwe kwenye faili. Hapo mama akauliza kwa upole kabisa, "Samahani mwalimu, na watoto wa Kiislamu huwa wanaleta barua ya shehe?"

Mkuu akamuangalia. Mwalimu wa nidhamu alikuwa kasimama mlangoni, akaangalia nje. Kimya kama cha nusu dakika hivi, nilisikia hadi watoto wanahesabu darasa la jirani. Mkuu akachukua peni, akaomba fomu ya kujiunga, kwenye ule mstari akaandika kwa mkono juu ya "wanafunzi wa Kiislamu" maneno "na wengine wanaofunika kwa imani". Akasaini pembeni. Akasema kesho aje.

Binti anaenda shule. Mwalimu wa nidhamu bado ananuna ila hajamgusa.

Sasa tatizo jipya. Kuanzia Jumatatu nimepata oda kumi na moja za kitambaa cheupe kama cha Neema. Watatu ni wa kanisani kwao, hao nawajua. Wawili wameniambia wenyewe ni kwa ajili ya kuficha nywele hawataki kunyoa hahaha. Waliobaki hawajasema na mimi sijauliza, nimepima vichwa nimeandika kwenye daftari. Leo mchana mwalimu wa nidhamu kapita dukani, tukasalimiana, akaegemea mlango akauliza fundi, hivi vyote ni vya dini kweli? Nikamwambia mwalimu karibu chai.

Akakaa, akanywa.

---

Mwalimu wa Zamu

Mwambie aanzie hapohapo kwenye chai. Na wale wawili wa nywele watajitoa wenyewe, kitambaa kinachosha asiyekizoea.

---

kyelaboy_07

Fundi kitambaa ni bei gani na unatuma Kyela?

---

FundiMarinda

Elfu tatu mkuu. Natuma na basi, nauli ya mzigo juu yako.

---

Kipepeo Makete

Na mizula unashona? Huku mwezi wa sita unakaribia.